Wameuliza Mtaa, Hawakuuliza Chumba

Kamwene, Mama Neema.

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, nilikuzika mwenyewe, kwa hiyo tusipotezeane muda. Hali yangu ni hasira. Nimeamka nayo, nimekunywa nayo chai, na sasa nimekaa nayo mezani naandika. Ulikuwa ukisema kalamu mkononi mwangu ni kama jembe mkononi mwa bibi harusi. Sawa. Leo utaisoma hivyo hivyo. Mwalimu wangu wa elimu ya watu wazima kule Iringa alitamka mbele ya darasa kwamba mkono wangu ni mzito lakini hausahau. Hukuwepo siku ile. Ungekuwepo ungeniheshimu mapema.

Thandeka kamaliza matriki, mtihani wao wa mwisho wa shule. Kapasua! Siku ya zawadi shuleni jina lake lilisomwa la kwanza, watoto wa kizungu wakamfuata nyuma kama mabehewa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na suti ya kahawia, nikapiga makofi mpaka mama mmoja akageuka kunitazama. Nikamwambia, "Huyo ni wangu." Najua, ni mjukuu, Neema ndiye kamzaa. Lakini Neema yuko Polokwane na kazi zake za zamu, na nani kamlea huyu mtoto hapa Kensington, Johannesburg? Mimi. Haya, na wewe.

Alichotaka kusoma unakijua, maana kilianzia kitandani kwako. Kiharusi kilipokuchukulia maneno, hospitali walikuletea yule binti wa kizungu anayefundisha wagonjwa kusema. Hakuwa mbaya. Alikuwa na mikono laini na kadi za picha. Akakuonyesha chanuo, akauliza kwa Kiingereza, hiki ni nini? Ukahangaika, jasho likakutoka puani, halafu ukasema, "Chanuo." Wazi kabisa. Binti akakutazama kwa huruma, akaandika kosa. Akakuonyesha ndoo. Ukasema, "Ndoo." Kosa. Kiingereza kilikuwa kimekutoka, Kizulu cha mama yako kilikuwa kinakuja na kuondoka, kilichobaki kimesimama ni Kiswahili ulichookota ukubwani, ukimbizini kwetu. Mimi nikanyamaza, mimi mwanamume mzima, nikadhani ndivyo inavyofanyika. Aliyesimama ni Thandeka, na sare yake ya shule. Akamwambia, "Dada, bibi anakujibu. Wewe ndiye hujui alichosema."

Tulipotoka akaniambia hiyo ndiyo kazi yake. Atawafundisha kusema watu waliopotelewa na maneno, na atawauliza kwa lugha zao. Hajabadilisha mawazo tangu siku ile. Ulipokufa hata neno chanuo lilikuwa limekutoka, naye akazidi kusoma.

Sasa nisikilize.

Chuo kina mpango. Wameupa jina zuri, la kufungua milango, nimeona bango lake pale mjini Marshalltown, kubwa kuliko nyumba, watoto weusi wanacheka meno yote nje. Kazi hiyo ya kufundisha kusema ina nafasi chache, nao wametenga baadhi kwa watoto weusi waliotoka kwenye maisha magumu. Nikasema, basi imekwisha. Mweusi ni nani kama siyo Thandeka? Maisha magumu ni yapi kama siyo haya yetu?

Wakamkataa. Jibu lilikuja kwenye simu, mtoto kasimama pale kwenye bomba, kalisoma, kaiweka simu chini polepole kama yai.

Nikamuuliza, kwa nini? Akanieleza kwa ule mchanganyiko wake wa Kiingereza na Kizulu, mimi namuuliza kwa Kiswahili. Mpango unatazama vitu viwili, shule uliyosoma na mtaa unaokaa. Shule yake zamani ilikuwa ya wazungu, ina uwanja wa nyasi na bwawa la kuogelea. Mtaa ni Kensington. Basi kwao Thandeka ni mtoto wa wenye nacho. Ameambiwa akashindane na wenzake wa Kensington, wenye walimu wa kuja nyumbani jioni, na huko kapungukiwa kidogo. Kidogo!

Mama Neema, Kensington gani? Nyumba ya mbele ni ya wenyewe. Sisi tuko chumba cha nyuma, walichojenga wazungu zamani kwa ajili ya mtumishi, dirisha moja na bomba nje. Wewe ulimtunza yule bibi wa kizungu mwenye nyumba mpaka akafa mikononi mwako, ukamwosha, ndipo warithi wakasema tuendelee kukaa. Mimi nimebandua na kupaka rangi mabati ya nyumba ile yote, ukuta wa mbele ni mkono wangu, hakuna fundi Johannesburg nzima angeunyoosha vile. Lakini anwani ni moja. Namba ya geti ni moja. Wameuliza mtaa, hawakuuliza chumba. Mtoto anayelala nyuma ya pazia, vitabu vyake viko juu ya friji, kwao ni sawasawa na yule anayelala mbele na mbwa wake.

Na wewe nimekukasirikia, nikuambie ukweli. Ni wewe uliyeshupaa. "Asome pale pale, atembee kwa miguu, asipande taxi gizani." Ulikaa ofisini kwa yule mwalimu mkuu siku nzima na skafu yako ya kanisani, mpaka akampa nafasi. Ukarudi unacheza dansi uani. Mimi nilisema ni shule ya wazungu, watatuchoka. Ukaniambia, "Nyamaza, Mhehe, hukusoma." Sasa tazama. Mlango wa kwanza uliufungua kwa nguvu zako, na wale wa mlango wa pili wanasema, kumbe ulishaingia, basi kaa nje. Nani awaambie? Wewe ungewaambia. Lakini wewe umekwenda zako, umeniachia mimi na Kiingereza changu cha kuendeshea lori.

Nikasikia chuo kinaita watu waje kuutathmini huo mpango. Wazazi, wazee wa mitaa, yeyote. Thandeka akasema tusiende. Nikasema mimi nimealikwa. "Babu, hawakukualika wewe." Nikamwambia imeandikwa yeyote, na yeyote ni mimi.

Ukumbi mzuri, kiyoyozi, sambusa ndogo kama pete. Wakaonyesha ukutani michoro ya rangi inayopanda kama ngazi. Weusi wameongezeka, watu wakapiga makofi. Akasimama mzungu mmoja na fulana ya sufu, akauliza je, viwango havitashuka? Viwango! Baba yake aliingia chuo kile kwa rangi ya ngozi yake, na babu yake kabla ya hapo, hakuna aliyeshika kipimo. Leo Thandeka wetu, aliyewashinda watoto wao darasani, ndiyo wanatafuta rula. Nilitaka kusema, wakanipita na kipaza sauti. Kijana mmoja wa kwetu akauliza hao weusi walioongezeka ni wa wapi, akajibiwa kwa michoro mingine. Nikaona watu wanatathmini ngazi, hakuna anayetathmini nani amebaki chini.

Halafu akasimama mkuu wa mpango kujibu maswali. Mama mweusi, mtu mzima, gauni la kitambaa cha shweshwe cha bluu, kilemba kimekaa. Wakataja jina lake. Dokta Gama.

Gama! Mama Neema, nikainuka nusu kwenye kiti. Ukienda Songea ukatupa jiwe, litampiga Gama. Ni Mngoni huyu! Ni watu wenu, ni wale wale waliotoka huku na mikuki wakaja mpaka kwetu, tukapigana nao tukachoka, tukabaki watani. Mhehe na Mngoni ni watani mpaka kaburini, nani asiyejua? Na mimi tangu ufe sijamwona Mngoni.

Nikasimama bila kipaza sauti. Sauti yangu unaijua, nilikuwa naita vijana wa kupakua mahindi kutoka ng'ambo ya kambi. Nikasema kwa Kiingereza, "Wewe Gama! Mwizi wa ng'ombe! Babu zako walikimbia njia yote kuja kuiba kwetu, tukawachapa, wakalia kama watoto. Leo umepata kiti na gauni zuri, unaiba tena? Nirudishie mjukuu wangu, mwizi mkubwa wewe!"

Nikangoja anijibu. Ndiyo zamu yake, siyo? Anitukane, nicheke, tukae tuongee.

Yule mama mdomo wazi. Mwanamume mmoja akasimama akasema ni aibu kumtukana mwanamke msomi mweusi mbele za watu. Mwingine akasema, mtoeni. Thandeka kajifunika uso kwa mikono miwili. Mlinzi akanishika kiwiko, Mkongo wa Lubumbashi, kijana mwenye heshima, akaninong'oneza, "Papa, tutoke tu. Banatuangalia. Kazi yangu itaisha juu yako." Nikamwambia huyu ni mtani wangu. "Ndiyo, Papa, lakini yeye hajue." Kwa ajili ya kazi yake nikatoka. Siyo kwa ajili yao. Wasijisifu.

Nimesahau vipi, Mama Neema? Siku ya kwanza kabisa, pale getini kwa wakimbizi wa Afrika Kusini, Morogoro, nimeleta lori la unga, wewe umesimama na makaratasi, nikakuuliza, "Mngoni, umerudi kuiba nini safari hii?" Ukanizaba kofi, kofia ikaruka. Wapishi wakacheka mpaka wakakaa chini. Hukujua. Walikufundisha jioni ile utani ni nini, na asubuhi nilipoleta kuni ukanipokea kwa sauti, "Jamani ficheni mbwa, Mhehe amekuja, atamla!" Pale pale nikajua nimeoa.

Tulivyoshuka kwenye taxi Thandeka akageuka, machozi, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye huwa hakisemi: "Babu, umeniua." Kulikuwa na rufaa. Mimi sikujua. Alikuwa amekata rufaa, na faili lilikuwa liende kwa mama yule yule.

Nilikaa uani. Nilitaka kurudi kumwomba radhi, lakini Mhehe haombi radhi kwa Mngoni, na hasira yangu haikuwa ya uongo. Utani ndiyo mahali pekee mtu anapoweza kusema kweli mbele ya mkubwa bila kupigana. Nilisema kweli. Wao hawana mahali pa kuiweka.

Asubuhi mtoto akaenda chuoni peke yake. Hakuniaga. Kakaa nje ya ofisi ya Gama mpaka kaitwa. Kamweleza utani, Wangoni, Songea, mbwa, kofi, yote. Alikuwa anasikiliza kumbe, miaka yote tunatukanana humu ndani yeye kajifanya anatazama simu! Na kamwambia, hili nimelijua baadaye na sijui nani kamtuma aseme: "Babu hajapata mtu wa kumtukana tangu bibi afe."

Maneno gani hayo ya kumwambia mtu asiyetujua.

Jumamosi nasikia geti. Gama huyo, na viatu vya chini, peke yake. Kapita pembeni ya nyumba ya mbele, kaja mpaka nyuma. Kasimama mlangoni kwetu, kanikazia macho, kasema kwa Kiingereza, neno kwa neno kama kafundishwa, "Nasikia hapa anakaa Mhehe. Mbona mtaa mzima una mbwa, na uani hapa simwoni hata mmoja?"

Nilicheka, Mama Neema. Sikutaka. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mkali. Nilicheka mpaka nikashika mlango.

Akaingia, akakaa kitandani kwa kuwa kiti kina nguo za pasi. Akatazama pazia, akatazama friji na vitabu juu yake. Halafu akasema, "Baba, mimi nimekulia chumba kama hiki. Mama yangu alifanya kazi kwa watu, tulikuwa nyuma."

Hapo kicheko kikaisha. Nikamuuliza, "Kumbe unajua?"

"Najua."

"Basi hiyo fomu isiyojua chumba cha nyuma kaiandika nani?"

"Niliikuta, Baba."

"Na tangu umeikuta, umekaa nayo?"

Thandeka akanitazama kwa jicho la kusema nyamaza babu, nami sikunyamaza. Nikamwambia, huyo mzungu wa viwango simlaumu, hajawahi kuchota maji kwenye bomba la uani. Lakini wewe umelala hapa. Umepita kwenye tundu la sindano, ukafika ng'ambo, wakakupa ulinzi wa tundu, na hukulipanua. Kwa nini ukae unatuonyesha ngazi ukutani?

Akasema mambo ya kamati, mambo ya serikali kuwauliza takwimu, kwamba mtaa ni rahisi kuandika na chumba ni vigumu kuthibitisha. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nikasema, siyo vigumu, umetembea hatua chache tu kutoka getini. Akasema, "Ndiyo." Hiyo "ndiyo" yake nimeipokea. Haikuwa ndiyo ya mkutanoni.

Alipoondoka akachukua kofia yangu nyeusi kwenye msumari, akaivaa juu ya kilemba, akasema mtani ana haki. Thandeka kamfundisha mpaka hilo! Kaenda nayo. Mpaka leo hajarudisha, Mngoni ni Mngoni tu.

Mtoto wetu kapata, Mama Neema. Rufaa imepita. Anaanza mwezi huu, kashaonyeshwa darasa lenye mifano ya koo na ulimi. Neema kalia kwenye simu mpaka simu ikakatika. Ungekuwepo ungecheza dansi uani tena, na mimi ningekaa pale nikijifanya sikuoni.

Basi kwa nini nina hasira bado? Utaniuliza, nakujua.

Kwa sababu ya jinsi walivyoandika. Wameandika amekubaliwa kwa hali ya pekee. Pekee gani? Tembea barabara yetu yote, kila geti lina chumba nyuma, na kila chumba kina mtoto. Lerato, wa ua wa pili, yule uliyekuwa unamsuka Jumapili, kasoma shule ile ile, kakaa dawati moja na Thandeka. Alitaka ualimu. Mpango ule ule, jibu lile lile. Mama yake alikuwa zamu siku ya mkutano, anapika kwa watu, hakuja kupiga kelele. Hana mzee wa kumwita dokta mwizi. Nilipokwenda kumpa mama huyo habari zetu njema, alifurahi kweli, alinishika mikono yote miwili. Kisha akaniita baba kwa Kisotho, akauliza taratibu, "Ntate, na sisi tulitakiwa kufanya nini?"

Nilirudi na sufuria ya wali aliyonipa, nikashindwa kula.

Lerato sasa anaosha nywele saluni moja Yeoville. Nimempigia Gama. Kasema fomu itatazamwa upya mwakani. Nikamwambia mwakani mtoto atakuwa ameshazoea kuitwa dada wa saluni. Kasema, "Baba, najitahidi." Nikasema, wewe jitahidi huko ndani, mimi nitajitahidi huku nje, tutaona nani ana kelele. Mlango wenu umefunguka kwa kuwa nilipiga teke, na mlango unaongoja teke haujafunguliwa. Thandeka alisikia yote, akasema, "Sharp, Babu," akaendelea kupiga pasi nguo zake za chuo. Mara ya kwanza ananisifu bila kuombwa.

Kuna mkutano mwingine wa tathmini Jumanne. Thandeka ameongea na Lerato, na Lerato kaongea na wengine, wameanza kutokea kwenye nyua ambazo sikujua kama zina watu. Nimepita geti moja moja. Wengine waliogopa mwenye nyumba atasema nini. Nikawaambia nitasema mimi. Mama Lerato kabadilisha zamu. Tutaondoka pamoja, watoto watangulie, wakae mstari wa mbele kabisa. Safari hii sitatukana mtu kabla sijamweleza utani. Hilo nimemwahidi Thandeka. Na wewe nakuahidi lingine: sitakaa kimya mpaka waanze kumuuliza mtoto analala wapi kabla hawajamwambia yeye ni nani. Wakinitoa, nitaingia tena. Nikishindwa kutembea, watanibeba hao wa vyumba vya nyuma, nimeshawaambia.

Najua ungesema nipumzike, moyo wangu umechoka. Usiniombee utulivu, Mngoni wangu. Utulivu ni wako sasa, kaa nao, umeufanyia kazi maisha yote. Mimi bado nina kazi huku juu.

Lala salama.

Mumeo,
Baba Neema